Arie Haagen-Smit, Mchunguzi wa Hewa Chafu

Je, umewahi kusimama nyuma ya lori linaloungurumisha injini? Moshi wake huuona, lakini zimo pia gesi zisizoonekana kwa macho. Mtu aliyeonyesha madhara ya gesi hizo ni Arie Haagen-Smit.

Haagen-Smit alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Utrecht, nchini Uholanzi. Alisomea kemia, na mwaka 1937 akaanza kufundisha katika jimbo la California, Marekani, karibu na mji wa Los Angeles. Huko alichunguza kitu kinachofanya nanasi linukie. Alipoza mvuke wa mananasi mpaka ukawa matone, kisha akayapima matone hayo.

Tangu mwaka 1943, mji wa Los Angeles ulikuwa ukifunikwa na ukungu mchafu. Macho yaliwawasha watu, mboga zikaungua majani, na mipira ya magari ikapasuka mapema. Wengi walidhani kwamba ukungu huo ulitoka viwandani tu.

Haagen-Smit aliacha mananasi, akaipoza hewa ya mji kwa njia ile ile. Alipata matone machache ya rangi ya kahawia, yenye harufu mbaya. Uchunguzi huo ulimwelekeza kwenye petroli na magari.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni na oksijeni. Kwa kawaida gesi hizi mbili haziungani. Lakini ndani ya injini mna joto kali sana, nazo huungana zikawa oksaidi za naitrojeni. Oksaidi hizo zikichanganyika na mvuke wa petroli penye mwanga wa jua, hutokea ozoni. Ozoni iliyo karibu na ardhi hudhuru macho, mapafu na mimea.

Haagen-Smit alitangaza matokeo yake mwaka 1952. Watafiti waliogharimiwa na wenye viwanda vya mafuta walimpinga. Jibu lake lilikuwa majaribio. Alichanganya gesi hizo chomboni, akaziangazia mwanga. Vipande vya mpira vilivyopindwa vikapasuka, kama mipira ya magari ilivyopasuka mjini. Hatimaye ukweli ulikubaliwa.

Baadaye alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la kulinda hewa ya California. Mwaka 1971 baraza hilo liliweka kipimo cha oksaidi za naitrojeni ambacho magari mapya hayakuruhusiwa kukizidi. Lilikuwa la kwanza Marekani kufanya hivyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mafundi walitengeneza kifaa cha kufungwa kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna madini ya platini na rodiamu. Kifaa hicho hugeuza sehemu kubwa ya oksaidi hizo kuwa naitrojeni ya kawaida, isiyodhuru.

Haagen-Smit alifariki mwaka 1977. Hewa ya Los Angeles haijatakata kabisa, lakini ni safi kuliko ilivyokuwa siku zake.

Maswali
1. Oksaidi za naitrojeni hutokeaje ndani ya injini?
2. Kwa nini mwanga wa jua huongeza uchafu wa hewa mjini?
3. Haagen-Smit aliwajibuje waliompinga?