Askofu Festo Kivengere: Mwalimu wa Dodoma Aliyemsamehe Adui



Mara nyingi twasali Sala ya Bwana upesi, tukapita pale pa kusameheana bila kutua. Tumkumbuke leo mtumishi wa Mungu aliyebidi kutua pale, ambaye aliishi hapa kwetu: Askofu Festo Kivengere.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, Kigezi, nchini Uganda. Utotoni alichunga ng'ombe, kama watoto wengi wa Ugogo. Alisoma akawa mwalimu, lakini imani yake ilipoa. Mwaka 1941 moto wa Uamsho ulimfikia, akampokea Bwana. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia. Festo alipanda baiskeli, akaenda mwendo wa maili kama 50, akamwomba msamaha.

Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walikuja Dodoma, wakiwa wamisionari Waafrika kwa Waafrika wenzao. Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha katika shule ya Alliance, iliyoitwa baadaye Mazengo, mahali ambapo tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha St. John's. Alikuwa mhubiri hodari, lakini alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyokosana na Mera, akashika njia kwenda kuhubiri. Roho Mtakatifu alimzuia, akamwonyesha kwamba Yeye yuko jikoni na yule mama. Ikambidi arudi kwanza kutubu mbele ya mkewe.

Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi, wakati wa utawala wa Idi Amin. Watu wengi walikuwa wakiuawa. Februari 1977 maaskofu wa Uganda waliandika barua kupinga maovu hayo, naye alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Siku chache baadaye Festo na Mera walikimbia usiku kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda.

Alitoka salama, lakini moyoni alibeba uchungu. Katika ibada ya Ijumaa Kuu mjini London, alipotafakari jinsi Bwana Yesu alivyowaombea waliomsulibisha, aliona kwamba chuki yake kwa Amin ilikuwa inaikausha roho yake. Hapo akasamehe. Mwaka ule ule alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa, na wengine waliofiwa iliwawia vigumu kupokea neno hilo.

Lakini tuangalie vema. Festo hakusema kwamba mauaji yale yalikuwa mema, wala hakunyamaza. Alizunguka nchi nyingi akieleza maovu ya Amin na kuwatafutia wakimbizi msaada. Kusamehe si kuuita uovu wema. Ni kukataa kuupa uovu ule makao ndani yetu. Amin alipong'olewa Aprili 1979, katika vita ambavyo vijana wetu wengine hawakurudi, Festo alirudi Kigezi kulitunza kundi lake. Alilala katika Bwana Mei 1988, huko Nairobi.

Ndugu, wengi wetu hatuna adui aliye rais. Tuna jirani ambaye mbuzi wake waliingia katika uwele wetu. Tuna shemeji tuliyegombana naye juu ya mahari, na mwenzetu wa kwaya tusiyesalimiana naye tangu mwaka jana. Tena twakaribia Meza ya Bwana pamoja, huyu upande huu na yule upande ule. Festo hakuanza na Amin. Alianza na baiskeli, akaendelea jikoni, na hata baada ya miaka 36 ya kuhubiri neema alihitaji kusamehe upya.

Basi kabla ya Ushirika Mtakatifu ujao, kila mmoja wetu amtafute mtu wake. Pengine si mbali hata maili moja.

Bwana atupe moyo huo. Amina.