Walter Rodney

Walter Anthony Rodney (Georgetown, Guyana, 23 Machi 1942 – Georgetown, 13 Juni 1980) alikuwa mwanahistoria, mwalimu na mwanasiasa kutoka nchini Guyana, Amerika ya Kusini. Alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akiwa huko aliandika kitabu chake mashuhuri, How Europe Underdeveloped Africa, yaani namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972.

Anakumbukwa pia kwa namna yake ya kufundisha. Kwake historia ilianzia kwenye swali la leo: kwa nini watu hawa ni maskini, kwa nini ardhi hii inamilikiwa na wale, kwa nini majirani hawa wanachukiana. Kutoka hapo alirudi nyuma kutafuta chanzo. Ufundishaji huo ulimpatia wasikilizaji wengi nje ya madarasa, na pia ulimletea maadui serikalini katika nchi mbili.

Maisha ya awali na elimu

Rodney alizaliwa katika familia ya wafanyakazi wa kawaida. Baba yake, Edward, alikuwa fundi cherehani, na mama yake, Pauline, alikuwa mshonaji. Wakati huo Guyana ilikuwa koloni la Uingereza. Wazee wa wananchi wake wengi waliletwa huko kulima miwa: kwanza Waafrika waliofanywa watumwa, halafu, kuanzia mwaka 1838, Wahindi waliofanya kazi kwa mikataba migumu.

Alisoma Queen's College, shule ya sekondari ya Georgetown. Mwaka 1960 alipata nafasi ya masomo katika chuo kikuu cha West Indies huko Mona, Jamaika, akahitimu historia kwa daraja la kwanza mwaka 1963. Alikwenda London na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alipata shahada ya uzamivu. Mwaka 1965 alikuwa amemwoa Patricia Henry, na wakajaliwa watoto watatu.

Utafiti wake ulihusu Pwani ya Guinea ya Juu kuanzia mwaka 1545 hadi 1800, na kwa ajili hiyo alisoma nyaraka za Kireno. Wanahistoria kadhaa waliamini kwamba utumwa ulikuwa umeenea Afrika ya Magharibi kabla ya Wazungu kufika, na kwamba wafanyabiashara wa Ulaya walinunua tu watumwa waliokuwepo tayari. Rodney alipinga. Alionyesha kuwa katika eneo hilo aina nyingi za utumwa zilikua pamoja na biashara ya Bahari ya Atlantiki yenyewe. Utafiti huo ulitoka kama kitabu mwaka 1970.

Dar es Salaam kwa mara ya kwanza

Mwaka 1966 Rodney aliajiriwa na Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo hicho kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Idara ya historia ilikuwa chini ya Profesa Terence Ranger, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika upya historia ya Afrika ili Waafrika waonekane kuwa watendaji.

Kazi hiyo ilihitajika hata mashuleni, kwa sababu masomo ya historia yaliyorithiwa kutoka kwa wakoloni yalieleza zaidi habari za wapelelezi, wamisionari na magavana. Chama cha Historia cha Tanzania kilianza kutoa vijitabu vifupi. Kijitabu cha pili, cha mwaka 1967, kiliandikwa na Rodney na kilihusu Afrika ya Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki. Kwa kurasa chache msomaji aliona jinsi historia ya bara la Amerika na ile ya Afrika zilivyofungamana: mashamba ya miwa ya upande mmoja hayaelezeki bila vijiji vilivyopoteza watu upande wa pili.

Mwezi Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na chuoni ukafanyika mkutano juu ya wajibu wa chuo kikuu katika nchi ya kijamaa. Rodney alikuwa miongoni mwa walimu waliotaka kila mwanafunzi, hata wa sayansi au sheria, asome matatizo ya jamii yake.

Jamaika

Mwanzoni mwa 1968 Rodney alirudi Mona kufundisha historia ya Afrika. Mbali na madarasa ya chuo, alikwenda kwenye mitaa ya maskini ya Kingston kuzungumza na vijana wasio na kazi, wafanyakazi na Warastafari. Aliwaeleza juu ya falme za kale za Afrika, naye akawasikiliza wakieleza maisha yao.

Serikali ya Jamaika ilimwona kuwa hatari kwa usalama. Tarehe 15 Oktoba 1968, aliporudi kutoka mkutano wa waandishi weusi huko Montreal, Kanada, alizuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, wananchi wakajiunga nao, na ghasia zikazuka. Watu kadhaa walipoteza maisha. Mihadhara yake ya kipindi hicho ilichapishwa mwaka 1969 kwa jina la The Groundings with My Brothers.

Dar es Salaam kwa mara ya pili

Mwaka 1969 Rodney alirudi Tanzania, akakaa hadi 1974. Jiji lilikuwa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na Mlimani palikuwa na mijadala mikali. Rodney alikuwa karibu na chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, ambacho mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni. Jarida la wanafunzi hao, Cheche, lilichapisha maandishi yake kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1970.

Hata Tanzania maneno yake hayakupokelewa vizuri sikuzote. Mwezi Desemba 1969, baada ya hotuba yake kuhusu mapinduzi ya Afrika kutokea gazetini, The Nationalist, gazeti la TANU, lilimjibu kwa tahariri kali. Hata hivyo hakufukuzwa, akaendelea na kazi.

Pamoja na wanafunzi wake alichunguza historia ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983, yeye akiwa ameshafariki. Uchunguzi wa namna hii ulitumia mambo ambayo wanafunzi wenyewe waliyafahamu, kwa kuwa wengi walikuwa na ndugu waliowahi kwenda mkongeni.

Jijini pia historia ya kazi za kulazimishwa haiko mbali. Jina la Kariakoo, linalotajwa kila siku na wakazi wa huko, wa Mchikichini na wa Ilala, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kitabu cha 1972

How Europe Underdeveloped Africa kilichapishwa kwa pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Bogle-L'Ouverture ya London. Rodney alieleza kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika vilitokana na uhusiano mmoja: biashara ya watumwa iliyoondoa nguvukazi, kisha ukoloni uliochukua mazao na faida. Aliongeza kwamba wajibu wa kuiendeleza Afrika uko juu ya Waafrika wenyewe.

Kitabu hakina tanbihi. Mwishoni mwa kila sura kuna mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma. Rodney alitaka kisomwe na watu wasio wataalamu, nacho kikasomwa sana vyuoni na katika kidato cha tano na cha sita. Wapo wanahistoria waliokikosoa kwa kutoa uzito mkubwa kwa sababu za nje na uzito mdogo kwa maamuzi ya Waafrika, na wengine walisema siasa imezidi utafiti. Mjadala huo unaendelea.

Kurudi Guyana na kifo

Mwaka 1974 Rodney alirudi kwao kushika nafasi ya profesa katika Chuo Kikuu cha Guyana. Uteuzi wake ukafutwa kwa shinikizo la serikali ya Forbes Burnham. Alibaki nchini bila ajira ya kudumu, akaendelea na utafiti na kufundisha watu mitaani.

Siasa za Guyana zilikuwa zimegawanyika kati ya wananchi wa asili ya Afrika na wale wa asili ya India. Rodney aliona kwamba makundi hayo hayakujua historia ya pamoja ya wazee wao waliolima mashamba yaleyale. Aliandika vitabu vya watoto juu ya suala hilo: Kofi Baadu Out of Africa, kuhusu Mwafrika aliyepelekwa Guyana, na Lakshmi Out of India, kuhusu msichana kutoka India. Cha kwanza kilitoka mwaka 1980, cha pili mwaka 2000.

Alikuwa pia kiongozi wa Working People's Alliance, chama kilichowaunganisha watu wa asili zote mbili. Mwaka 1979 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchoma majengo ya serikali. Tarehe 13 Juni 1980 aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano, akiwa ndani ya gari na mdogo wake Donald, ambaye alijeruhiwa. Redio hiyo ilitolewa na Gregory Smith, askari wa jeshi la Guyana, ambaye alitorokea Guyana ya Kifaransa na kufia huko mwaka 2002. Rodney alikuwa na umri wa miaka 38.

Urithi

Kitabu chake kuhusu wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905 kilitoka mwaka 1981, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya chama cha wanahistoria wa Marekani.

Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 iliona kwamba Smith hakutenda peke yake, na kwamba vyombo vya dola vilihusika. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kusahihisha cheti cha kifo cha Rodney. Kwa zaidi ya miaka 40 cheti hicho kilikuwa kimemwandika kuwa mtu asiye na kazi. Sasa kilitakiwa kusomeka kwamba alikuwa profesa.