Käthe Kollwitz

Käthe Kollwitz (jina la kuzaliwa: Käthe Schmidt, Königsberg, 8 Julai 1867 – Moritzburg, 22 Aprili 1945) alikuwa mchoraji na mchongaji wa sanamu kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kazi zake kuhusu maisha ya wafanyakazi maskini na huzuni ya wazazi waliofiwa na watoto wao vitani.

Maisha ya awali

Mji alikozaliwa leo unaitwa Kaliningrad na uko nchini Urusi. Babu yake, Julius Rupp, alikuwa mchungaji aliyeondolewa katika kanisa rasmi akaanzisha ushirika huru. Mwaka 1891 Käthe aliolewa na daktari Karl Kollwitz, wakaishi katika mtaa wa wafanyakazi mjini Berlin. Wagonjwa wa mumewe, hasa akina mama waliokuja na shida zao, waliingia katika michoro yake. Walizaa wana wawili, Hans (1892) na Peter (1896).

Mwaka 1898 alionyesha picha zake kuhusu uasi wa wafumaji. Waamuzi walipendekeza apewe medali, lakini Kaisari Wilhelm II alikataa.

Kifo cha Peter

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Peter alikuwa na miaka 18 na alitaka kujiunga na jeshi kwa hiari. Kisheria alikuwa bado mtoto, hivyo alihitaji idhini ya baba yake. Karl alikataa. Peter akamwomba mama yake amsaidie, naye Käthe akamsihi mumewe mpaka akakubali. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa karibu na Diksmuide nchini Ubelgiji.

Käthe hakugeuka kuwa mpinga vita mara moja. Mwanzoni, kama Wajerumani wengi, aliona kwamba vijana waliojitoa kwa ajili ya taifa walifanya jambo lenye maana. Hata alipoanza kuwa na mashaka, aliogopa kwamba kuilaani vita ni kumsaliti mwanawe aliyeiamini. Ilimchukua miaka kadhaa kuvuka hapo.

Kupinga vita

Oktoba 1918 Ujerumani ilikuwa inashindwa. Mshairi Richard Dehmel, ambaye mwenyewe alijitolea jeshini akiwa na zaidi ya miaka 50, aliwataka wanaume wote wenye nguvu wajitokeze kwa mapigano ya mwisho. Käthe alimjibu hadharani katika gazeti la Vorwärts. Alidai kwamba waliokufa wametosha, na aliwafananisha vijana na mbegu ambazo taifa halipaswi kuzimaliza.

Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama wa Akademia ya Sanaa ya Prussia. Baadaye alitoa picha saba zilizochapwa kwa mbao kuhusu vita, ambazo karibu zote zinaonyesha waliobaki nyumbani. Bango lake la kupinga vita la mwaka 1924 bado linajulikana sana.

Kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ni sanamu za wazazi wawili waliopiga magoti, zenye sura ya Karl na yake mwenyewe. Alianza kuiwazia mwaka 1914, akaikamilisha mwaka 1932, sanamu zilipowekwa kwenye makaburi alikozikwa Peter. Leo ziko Vladslo, Ubelgiji, pamoja na kaburi lake.

Chini ya utawala wa Wanazi

Mwanzoni mwa mwaka 1933 Käthe alitia sahihi wito wa kuvitaka vyama vya mrengo wa kushoto viungane dhidi ya Wanazi. Kwa sababu hiyo yeye na mwandishi Heinrich Mann walilazimishwa kujiuzulu kutoka Akademia, naye akapoteza kazi ya kufundisha. Kazi zake ziliondolewa katika maonyesho. Mwaka 1936 maafisa wa Gestapo walimhoji na kumtishia kumpeleka kambini. Yeye na mumewe walikubaliana kwamba wangejiua kuliko kupelekwa huko. Hata hivyo hakuondoka Ujerumani.

Karl alifariki mwaka 1940. Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyepewa jina la Peter, aliuawa vitani nchini Urusi. Mwaka uliofuata nyumba yake ya Berlin iliharibiwa kwa mabomu. Käthe alifariki Moritzburg, karibu na Dresden, siku 16 kabla ya vita kwisha Ulaya.

Tangu mwaka 1993 nakala kubwa ya sanamu yake ya mama na mwana aliyekufa iko katika jengo la Neue Wache mjini Berlin, kama kumbukumbu ya wahanga wa vita na udikteta. Uamuzi huo ulipingwa na baadhi ya watu, waliosema kwamba sanamu yenye umbo la Kikristo haiwezi kuwawakilisha Wayahudi waliouawa.