Salme binti Said: Sikukuu ya Mtoni iliyohamia kitabuni

Mtu wa Pemba anayeishi Ulaya akitaka kupika pilau ya Sikukuu, karafuu atazipata, mdalasini ataupata, hata tui la nazi lipo madukani. Kazi ni kupata wa kukaa nao kwenye sinia. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyajua hayo zamani sana.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Jikoni Mtoni walifanya kazi watumwa, wakipika kwa namna ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki: wali wa aina nyingi, nyama ya kondoo, kuku, mikate na vitu vitamu. Ukoo ulikaa chini kwenye meza ndefu ya kimo kifupi, Sayyid Said akiwa mwanzo wake, na wote wakala kwa mkono wa kulia.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, watu walikuwa wakiutafuta mwezi. Ukionekana tu, mizinga inalia. Wanyama wanachinjwa, wanawake wanatia hina, nguo mpya zinatolewa, na Sayyid Said anagawa zawadi.

Baada ya wazazi wake kufariki, Salme alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake mjini. Alishika mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, kisha wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Salme akabaki na watoto watatu, mdogo wao hajatimiza hata miezi sita.

Hamburg ni mji wa bandari, na kampuni zake zilikuwa zikifanya biashara na Zanzibar. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Basi karafuu za kwao zilikuwa na njia ya kufika Ulaya. Ndugu zake hawakuwa nayo. Kwa kuondoka na kubadili dini, alikatwa na ukoo na kunyimwa urithi. Sikukuu ilipofika, hapakuwa na mzinga wa mwezi wala wa kumpelekea sahani.

Alichokuwa nacho ni kalamu. Enzi zake wasichana walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ugenini akaanza kuandika maisha ya Mtoni kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakuwahi kula kwenye meza ya babu yao. Kitabu kilitoka mwaka 1886 kwa Kijerumani, na ndani yake mna meza ile, mwezi ule na zawadi zile.

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na meli za Wajerumani. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, akaondoka bila suluhu. Kisha aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi miaka yote.

Leo nyumba nyingi za Pemba zina mtoto Muscat, Dubai au London. Wengi hutumiwa karafuu na ubani, na ni vizuri. Ila wajukuu waliozaliwa huko wanahitaji pia kusimuliwa: nani alichinja, nani alipika, nani alianza kupewa sahani. Salme hakuwa na simu, akayaandika. Nasi tunaijua Sikukuu ya Mtoni kwa sababu hiyo.