Mekatilili wa Menza: Mjane aliyewatia Wagiriama imani kwa ulimi wake

Katika mji wa Malindi imesimama sanamu ya mwanamke ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa mwenyeji yeyote wa Pwani. Wengi humtaja kama shujaa wa vita. Hata hivyo, silaha kuu ya Mekatilili wa Menza haikuwa upinde wala mshale. Ilikuwa ni neno lililosemwa hadharani na mtu aliyeamini kwa dhati kile alichokisema.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Mutara wa Tsatsu, eneo la Ganze, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu zake, na kwamba mmoja wao, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa asionekane tena. Aliolewa na Dyeka wa Duka, na kama ilivyo desturi ya Wagiriama, akaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, Wagiriama walikuwa wakulima hodari. Mahindi yao, hasa yale yaliyolimwa kaskazini mwa Mto Sabaki, yaliuzwa katika masoko ya pwani, na kwa hivyo hawakuwa na haja ya kwenda kuajiriwa katika mashamba ya wageni. Serikali ya Waingereza haikupendezwa na hali hiyo. Ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka wa 1912 afisa aliyeitwa Arthur Champion alitumwa kusimamia utekelezaji wa azma hiyo.

Hapo ndipo Mekatilili alipojitokeza. Wakati huo alikuwa mjane aliyekwisha kula chumvi nyingi. Hakuwa na cheo, na uongozi wa jamii yake ulikuwa mikononi mwa wazee wa kaya, wote wanaume. Ujane na umri vilimpa nafasi ya kusema mbele ya wazee hao, lakini havikumhakikishia kusikilizwa. Kusikilizwa alikutafuta mwenyewe.

Njia aliyoitumia inastahili kuzingatiwa na kila anayepanda jukwaani. Kwanza, hakungoja watu wamjie. Alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi inayofahamika na kila Mgiriama. Palipolia kifudu watu walikusanyika, na walipokusanyika alizungumza. Kwa namna hiyo aliianza hotuba yake kwa jambo ambalo wasikilizaji walikuwa wakilijua na kulithamini tayari.

Pili, hakuishia katika kulalamika. Angeweza kuwahesabia watu wake madhila yote na kuwaacha wakirudi nyumbani wakiwa wanyonge zaidi. Badala yake aliwakumbusha kuwa walikuwa na utaratibu wao wa kujitawala, walikuwa na kaya, na walikuwa na viapo vilivyowaunganisha tangu enzi za mababu. Machifu walioteuliwa na serikali aliwakemea kuwa ni watumishi wa kulipwa wasio na mamlaka ya kweli juu ya umma. Aliyemsikiliza aliondoka akijua la kufanya: kukataa kutoa vijana, kutowatii vibaraka na kuirejelea kaya.

Tatu, maneno yake aliyafuatisha na tendo. Katikati ya mwaka wa 1913 umati mkubwa ulikusanyika katika Kaya Fungo. Akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, aliwaongoza wanawake kula kiapo cha mukushekushe, nao wanaume wakala kile cha fisi, kinachoogopwa kuliko vyote. Muda si muda, Champion alijikuta akitoa amri zisizo na wa kuzitii.

Kipo kisa kinachosimuliwa sana katika vijiji vya Kilifi kuhusu mkutano wa Agosti 1913. Inaelezwa kuwa Mekatilili alimwendea Champion akiwa na kuku na vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Afisa aliponyosha mkono, kuku alimdonoa. Umati ukaelewa papo hapo kilichomaanishwa kuhusu wana wa Wagiriama. Yawe yametukia hivyo hasa au la, masimulizi hayo yanaonyesha jinsi watu wake walivyomkumbuka: msemaji asiyetetemeka, aliyejua kuliweka jambo zito katika mfano ambao hata mtoto angeuelewa.

Serikali ilitambua hatari ya ulimi huo. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, kisha wakapelekwa uhamishoni Kisii, magharibi mwa Kenya. Waliowapeleka huko walidhani umbali ungewanyamazisha. Januari 1914 wawili hao walitoroka na kurejea pwani kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Alipowasili, kurudi kwake peke yake kulikuwa hotuba tosha.

Ni haki pia kueleza gharama iliyolipwa. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama wakaasi. Wanajeshi wenye bunduki walipambana na watu wa pinde na mishale. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 150, na nyumba nyingi zikateketezwa. Jamii ilitozwa faini ya rupia 100,000, ikatakiwa kutoa wapagazi 1,000 wa vita, na ikaamriwa kuihama ardhi yake yenye rutuba kaskazini mwa Sabaki. Mekatilili mwenyewe alikamatwa tena mwezi huo wa Agosti.

Je, imani aliyowatia watu iliwaponza? Swali hilo halikwepeki. Msemaji anayewajaza watu matumaini hubeba dhamana ya yale yatakayofuata. Lakini kabla ya mwongo huo kumalizika serikali ilikuwa imelegeza msimamo, na Wagiriama wakaruhusiwa kuvuka tena Sabaki. Mekatilili na Wanje waliachiliwa mwaka wa 1919, wakaruhusiwa kuishi kayani, yeye akiongoza baraza la wanawake naye Wanje lile la wanaume. Yule aliyedhaniwa kuwa ameshindwa alirudi akiwa na heshima kuliko alipoondoka.

Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, eneo la Magarini. Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo Kaya Giriama, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Miaka miwili baadaye sanamu yake ilisimamishwa Malindi.

Siku hizi wanasiasa wetu wana vipaza sauti, magari na walinzi, na bado wengi wao hupanda jukwaani kutukana wapinzani na kueneza hofu. Mjane wa Ganze hakuwa na kimojawapo cha vifaa hivyo. Alikuwa na imani kwamba watu waliomsikiliza walikuwa na uwezo kuliko walivyojidhania, na aliwaambia hivyo kwa lugha yao, uwanjani mwao, huku yeye mwenyewe akiwa tayari kutangulia. Atakayetaka kuwahutubia watu wa Pwani, na aanzie hapo.