Daktari Aliyekiri Habari za Mikono Yake

Soma Mambo ya Walawi 5:1 na Mithali 28:13. Mafungu haya mawili yanahusianaje?

Ignaz Semmelweis alizaliwa Hungaria mwaka 1818. Mwaka 1846 aliajiriwa katika Hospitali Kuu ya Vienna, iliyokuwa na wodi mbili za kujifungulia. Katika wodi ya wakunga vifo vilikuwa vichache. Katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, karibu mama mmoja kati ya kila kumi alikufa kwa homa ya uzazi. Akina mama walilijua jambo hilo, na wengine walipiga magoti wakisihi wasilazwe humo. Wakubwa wa kazi walisema ni hewa mbaya.

Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kuchunguza maiti, akafa kwa dalili zile zile za wazazi. Ndipo Semmelweis alipoelewa. Madaktari walitoka chumba cha maiti na kwenda kuwapima wajawazito, na mauti ilisafiri mikononi mwao. Yeye mwenyewe alikuwa amechunguza maiti nyingi kuliko wengi wao. Hakuficha. Alikiri kwamba kwa mikono yake wanawake wengi walikuwa wamekufa.

Aliagiza kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vilivyofikia 18 kati ya kila wazazi 100 mwezi wa Aprili vilishuka hadi 2 hivi mwezi wa Juni.

Hata hivyo wengi walimpinga. Kumkubali kulikuwa sawa na kukiri kosa. Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa, naye akarudi Hungaria. Alichelewa kuandika, kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Kisha aliandika barua kali akiwaita wapinzani wake wauaji, lakini hazikuwageuza. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, kwa kidonda kilichooza. Baadaye kazi za Louis Pasteur na Joseph Lister zilionyesha kwamba alikuwa sahihi.

Leo mama wa Kiseke anapokwenda kujifungua, anatarajia mkunga anawe mikono kabla ya kumgusa. Desturi hiyo ilipiganiwa na mtu aliyepingwa na wengi. Walawi hutuonyesha kwamba shahidi anayenyamaza huchukua hatia. Mithali huonyesha kwamba rehema humngojea anayeungama. Semmelweis alikiri kosa lake mwenyewe, tena akasema juu ya kosa la hospitali.

Tafakari: Ukiwa muuguzi, mhudumu au ndugu wa mgonjwa, nawe umeona jambo linalohatarisha uhai wake, utamwambia nani? Je, ni hofu ya mkubwa wako inayokuzuia, au ni kosa lako mwenyewe ambalo hujaliungama? Utasemaje kweli hiyo bila kuacha upendo?