Lidia wa Filipi



Wakristo waendao Ugiriki hupenda kufika Filipi, karibu na bandari ya Kavala, ambayo zamani iliitwa Neapoli. Mji umebaki magofu tu, lakini wageni hushuka mpaka mtoni, na wengine hubatizwa hapo, kwa kumkumbuka mwanamke mmoja.

Lidia alikuwa mwenyeji wa Thiatira, katika Asia. Aliuza zambarau, bidhaa ya watu wenye mali, naye alimcha Mungu. Yapata mwaka 50 Paulo na Sila walifika Filipi, koloni la Warumi. Siku ya sabato walitoka nje ya lango, wakawakuta wanawake wamekusanyika kando ya mto. Lidia alisikiliza, akaamini, akabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake, akawasihi wageni wakae kwake.

Baadaye Paulo na Sila walipigwa fimbo mbele ya watu, wakatiwa gerezani. Walipofunguliwa walirudi kwa Lidia. Mama huyu, mgeni mwenye biashara ya kulinda, angeweza kuwaogopa wakuu wa mji. Hakufunga mlango; ndugu walikutana humo.

Kanisa la Filipi lilimsaidia Paulo kwa mali hata alipokuwa Thesalonike. Katika Waraka kwa Wafilipi jina la Lidia halimo, lakini matunda yake yamo.

Akina mama wa Singida wauzao vitunguu na alizeti sokoni wanamwelewa. Basi tusingoje jengo likamilike ndipo tuwakaribishe ndugu. Someni Matendo, sura ya 16.